Mali ya Mengi na Meza ya Nyumbani

Masomo: 1 Wafalme 1:5-31, Isaya 38:1-6

Nilipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya tajiri, niliona wengine mkitabasamu, mkingoja ngamia na tundu la sindano. Hapana. Leo ni tajiri ambaye hata mimi ningependa kufanana naye.

Namsema Reginald Mengi wa Tanzania. Alizaliwa katika umaskini kule Machame, chini ya Kilimanjaro, akasomea uhasibu Uingereza, akarudi. Unajua alianza na nini? Kalamu za wino, akiziunganisha nyumbani kwake. Wewe unayekaanga mandazi pale stage ukidhani Mungu halioni karai lako, hebu fikiria hilo. Kutoka kalamu akafika kwenye soda, maji ya chupa, magazeti, ITV na Radio One.

Na hakula peke yake. Mwaka baada ya mwaka aliwaalika watu wenye ulemavu Dar es Salaam, wakaketi, wakala pamoja naye. Mwaka 2009 aliwataja hadharani, kwa majina, wafanyabiashara watano aliosema wanaifilisi nchi, akawaita mafisadi papa. Waliotajwa wakamlaumu kwamba anatumia vyombo vyake vya habari kupigana vita vyake. Lawama hiyo si nyepesi, maana mtu mwenye kipaza sauti chake mwenyewe ni vigumu kumjibu. Lakini niambieni, ni matajiri wangapi mnaowajua waliothubutu?

Alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019, akazikwa kwao Machame. Halafu ukaja wosia.

Uliandikwa mwaka 2017. Mali ilienda kwa mjane wake na watoto wao wadogo, watoto wakubwa wakaachwa nje. Kesi ikaanza. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaubatilisha wosia ule: ilitilia shaka afya yake alipouandika, na ikaona watoto wakubwa wamenyimwa bila sababu. Familia iliyolia pamoja kaburini ikawa inazungumza kupitia mawakili.

Nimesikia watu wakisema, "Kumbe wema wote ule ulikuwa wa kamera." Mimi nakataa. Chakula kilicholiwa kimeliwa, na aliyeshiba alishiba kweli. Kesi ya wosia haiwezi kukitoa tumboni. Wengine wanasema ni shetani tu amevamia familia. Hapo pia nasita, kwa sababu tunamsingizia shetani kazi ambayo tuliiacha sisi wenyewe.

Fungua 1 Wafalme 1. Daudi alimwangusha Goliathi, akakusanya dhahabu ya hekalu. Sasa yuko kitandani, hapati joto, na mwanawe Adonia anachinja kondoo nje ya mji akijitangaza mfalme. Angalia mstari wa 6: baba huyu hakuwahi kumuuliza kijana yule kwa nini anafanya anavyofanya. Mtu wa kupigana na majitu, lakini kuongea na mtoto wake hakuweza! Alikuwa amemwapia Bathsheba kwamba Sulemani ndiye atakayerithi kiti, lakini Adonia na wageni wake walikuwa wanakula na kunywa kana kwamba kiapo hicho hakipo. Ilibidi Bathsheba na Nathani waingie chumbani kumkumbusha mzee neno lake mwenyewe.

Hii haiko Yerusalemu na Dar es Salaam peke yake. Hapa Makina baba ana vyumba kumi vya mabati. Ni shemasi, anatoa fungu la kumi, mpangaji akifiwa hamdai kodi mwezi huo. Mtu mwema kabisa. Akifa, wapangaji wanapigiwa simu na watu wawili, kila mmoja akitaka kodi itumwe kwa laini yake. Mama wa mashambani na mama wa Kibra wanaonana kwa mara ya kwanza mochari. Nani alaumiwe, wale wajane?

Najua mtasema, "Pasta, kuandika wosia ni kujiitia kifo." Msomeni Hezekia. Aliambiwa aweke nyumba yake sawa, akageukia ukuta akalia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Miaka 15, wapendwa! Agizo la kupanga nyumba halikumuua.

Na msitegemee neno la mdomo. Sheria yetu ya Urithi, Sura 160, inakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, lakini ukiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka, umeisha nguvu. Wa maandishi unataka sahihi yako na mashahidi wawili, na shahidi asiwe yule unayemwachia mali. Lakini kabla ya karatasi, kaa na watoto wote, hata yule mliyekosana naye, hata yule wa nje ambaye kanisa halijamwona. Waambie sababu zako ukiwa hai, wakuulize, wakasirike mbele yako.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, wenye biashara, wenye ploti na wenye hisa za chama wabaki. Wakili atakuwepo, hatalipisha. Mje wawili, mume na mke. Na kama kuna mke wa pili, naye aje.