Kuuliza Si Ujinga

Methali hii tumezoea kumwambia mtoto anayeona haya darasani, au mgeni aliyepotea vichochoroni, kana kwamba haina kazi nyingine ila kumliwaza. Ilhali wahenga walitia ndani yake neno zito kuliko hilo. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, mjinga hakuwa mpumbavu: aliitwa hivyo hata mgeni aliyewasili juzi, asiyezijua desturi za mji wala mitaa yake. Ujinga, basi, ni namna ya ugeni, na dawa ya ugeni ni kuuliza. Upumbavu ni wa mwenyeji yule ambaye ni heri kwake apotee kuliko kuonekana akiuliza njia.

Simjui aliyeishi na methali hii, bila ya kuisikia, kumshinda Socrates wa Athens, mji wa Uyunani, ambaye mwaka 399 kabla ya Masihi, naye ni mzee wa miaka 70, alishtakiwa kwamba haitambui miungu ya mji na kwamba anawaharibu vijana. Chanzo cha mashtaka hayo, kama alivyohadithia mwanafunzi wake Plato, kilikuwa swali: sahibu yake Chaerephon alikwenda Delphi kwa kuhani wa kike wa Apollo, akauliza kama yuko mwenye hekima kuliko Socrates, akajibiwa kwamba hayuko. Socrates, aliyejijua kuwa hana hekima kubwa wala ndogo, alitaajabu, akaenda kuwahoji wanasiasa, kisha washairi, kisha mafundi. Hao mafundi ndio wanaonishughulisha, maana elimu ya kazi yao walikuwa nayo kweli. Lakini kwa kule kuwa hodari wa kazi ya mikono, kila mmoja alijiona hodari pia wa haki na wema na mambo yote makubwa. (Maradhi hayo hayakuzikwa Uyunani.) Ndipo alipofahamu kuwa fadhila yake ni moja: hajidai kukijua asichokijua.

Na fedheha ilimwangukia nani? Swali lilipofika pasipo na jibu, aliyeumbuka ni muulizwa, aliyekaa miaka akitukuzwa kwa ilimu asiyokuwa nayo. Na kuumbuliwa mbele ya vijana wanaocheka ni jambo ambalo wakubwa hawalisamehe upesi.

Mtu huyu hakutoka mjini kwao ila kwa nadra, tena vitani, na hata hivyo aliwaomba mahakimu wamvumilie kama wanavyomvumilia mgeni, kwa kuwa lugha ya mahakamani haijui. Wako wanaoyaona maneno hayo kuwa ni kejeli. Mimi nayaona ni itikadi yake yote. Lau kura 30 zingaligeuka, angaliachiliwa. Walipokwisha kumhukumu kufa, aliwaambia kwamba hata mauti hayajui yalivyo, ila ikiwa ni safari ya kuhamia mahali pengine, basi atawahoji waliotangulia, akina Homer na Odysseus, na huko, bila ya shaka, hawamuui mtu kwa kuuliza.