Nguo Ngapi Zinatosha?

Dada mmoja (amenikubalia niandike haya) aliniambia hakuja ibada kwa sababu hana nguo. Nguo anazo. Alichomaanisha ni kwamba zote tumeshaziona.

Hiyo ilinichoma. Si sisi ndio husimama mlangoni tukimwambia mwenye suti mpya, "Leo umeng'ara!", na wengine tunawapita na salamu tu? Yakobo aliwakemea waumini kwa jambo hilo hilo, kumpa kiti kizuri aliyevaa vizuri na maskini akaambiwa asimame kule.

Lakini mtu atasema, pesa ni zangu, na Gikomba blauzi napata kwa shilingi 100. Sawa, tupige hesabu. Blauzi ya 100 ukiivaa mara moja, kuivaa kumekugharimu 100. Rinda la 1,500 ukilivaa Jumapili 50, kila Jumapili ni 30 tu. Ghali ni gani hapo?

Hiyo ya pesa ni rahisi. Ngumu ni ya Yohana Mbatizaji, aliyesema mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Mbili! Nilipofungua kabati yangu nilipata mashati 19, na saba sijayagusa tangu Krismasi. Kuna kijana hapa kanisani anaenda kutafuta kazi na shati la kuazima. Hayo saba bado ni yangu kweli?

Jumapili hii nitavaa suti ya kijivu, ile ile. Fundi amebadilisha zipu. Dada, nawe njoo na ile ile.