Huna Chama, Lakini Je, Uko Huru?



 Jumapili moja ya Oktoba 2024, baada ya Misa, tulibaki kidogo nje ya kanisa, tukawa tunapiga stori za uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba mwaka huo. Kijana mmoja akasema kwa kujiamini kabisa, "Mimi bwana sina chama. Niko huru." Wengi wakatikisa vichwa kumkubali. Mimi nilinyamaza, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mwaka 2015, na hayakuwa ya kweli.

Naomba niwasimulie.

Mwaka 2015 nilikuwa na miaka 20, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura. Nyumbani kwetu kulikuwa na kambi mbili. Baba mkubwa ni mwana-CCM wa siku nyingi, kadi yake anaitunza kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa Chadema damu damu. Ubishi wao nimekua nao, na jina ambalo halikukosekana humo ni la Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond. Binamu alimwita fisadi. Baba mkubwa alisema ameonewa, kabebeshwa mzigo wa wengine. (Mzee mwenyewe alizikana tuhuma hizo, wala mahakama haikuwahi kumtia hatiani. Alitutoka Februari 2024. Apumzike kwa amani.)

Sasa Julai 2015 CCM ikakata jina lake katika mbio za urais, naye akahamia Chadema na kusimamishwa kuwa mgombea wa Ukawa. Jamani! Haikupita wiki mbili, pale nyumbani maneno yakahama pamoja naye. Binamu ndiye akawa anasema, "Yule mzee alionewa tu." Baba mkubwa ndiye akawa anasema, "Fisadi yule." Mtu ni yule yule, sakata ni lile lile, na ushahidi haukuongezeka hata karatasi moja. Kilichobadilika ni rangi ya shati.

Mimi niliyekaa katikati nilicheka sana. Nikajiona ndiye mwenye akili pekee kwenye ile familia. "Mimi sina upande," nikawa nawaambia. Kumbe kipindi hicho hicho nilikuwa nimeshapokea fulana ya chama kimoja, na kwa wapambe wa chama kingine nikachukua kofia na shilingi elfu kumi. Tulikuwa na msemo wetu vijana wa pale mtaani: kula kwa huyu, kura kwa yule. Tuliuona ni ujanja, na zaidi ya hapo tuliuona ni uhuru.

Tarehe 25 Oktoba ilikuwa Jumapili. Nilisali Misa ya kwanza, nikaenda kituoni, nikapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya rais nilikuwa nimeamua tangu zamani. Ya mbunge nilibabia babia. Ilipofika ya diwani nikatazama majina, sikumjua hata mmoja. Niliweka alama kwa yule ambaye picha yake ilionekana ya mtu mpole. Dakika moja, nikatoka.

Njiani nikaongozana na mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Huyu mama kampeni nzima alikuwa anajifunga kanga ya chama chake, na kila mtu mtaani alijua. Nikamwamkia, kisha nikamtania, "Mama, wewe hata hatuna haja ya kukuuliza, tunajua umewapa akina nani."

Akacheka. "Ya rais na ya mbunge ni siri yangu, mwanangu. Ila diwani sikumpa wa kwetu."

Nikashangaa. "Kwa nini tena?"

"Nilimfuata nikamuuliza zahanati yetu itapata maji lini. Si unajua wajawazito wanakwenda kujifungua na ndoo zao za maji? Akaniambia, mama, wewe ni wa kwetu, huna haja ya kuuliza maswali ya wapinzani. Basi nikaondoka. Mtu akikwambia huna haja ya kuuliza, ujue ameshakuhesabu kwenye mbuzi wake."

Halafu akanigeukia: "Na wewe, diwani ulimpa nani?"

Sikuwa hata nakumbuka jina.

Ndugu zangu, hilo swali sijalisahau mpaka leo. Yule mama alikuwa na kadi ya chama, kanga ya chama, na nyimbo za chama alizijua zote. Mimi sikuwa na kadi. Lakini kati yetu wawili, ni nani aliyepiga kura akiwa huru?

Tuelewane hapa. Nchi yetu kisheria haina mgombea binafsi. Ukitaka kugombea ni lazima udhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ikatengua msimamo huo mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Mchungaji alifariki kwa ajali Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi ule ninaousimulia, na sheria ilikuwa haijabadilika. Haijabadilika hadi leo.

Lakini mpiga kura binafsi yupo, na hahitaji kibali cha mahakama. Ukishaingia kwenye kile kiboksi cha kupigia kura, uko wewe, karatasi na Mungu wako. Swali ni kwamba, unaingia pale na nini?

Wengi tunafikiri kuwa huru ni kutokuwa na kitu. Huna chama, huna upande, huna neno. Mimi naona kuna namna tatu za kujidanganya hapo. Ya kwanza ni kutojali. Mtu anasema "wote ni wale wale", kisha anarudi kulala, na uvivu wake anauita msimamo. Ya pili ni ile yangu, kula pande zote. Nilijiona sijanunuliwa kwa sababu nilinunuliwa mara mbili. Neno la Mungu katika kitabu cha Kutoka (23:8) linatuonya kwamba zawadi ya namna hiyo humpofusha hata mtu anayeona. Tazama sasa: sikumfahamu hata mgombea mmoja wa udiwani. Muda ambao ningemuuliza mtu swali, nilikuwa nafukuzia fulana. Ya tatu ni hasira. Unampigia fulani si kwa kuwa anafaa, ila ili kuwakomoa wengine. Hapo bado unaongozwa na chama, tofauti ni kwamba kinachokuongoza ni kile unachokichukia.

Je, kupenda chama ni dhambi? Hapana. Mapadre wetu hawatakiwi kushika nafasi za vyama, na kuna sababu nzuri: altare ni ya wote. Lakini sisi walei kazi yetu ni kuutakatifuza ulimwengu huu kutokea ndani, na siasa ni sehemu ya ulimwengu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika Gaudium et Spes unatukumbusha kuwa kupiga kura kwa uhuru ni haki na pia ni wajibu, kwa ajili ya mafao ya wengi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inauweka wajibu huo pamoja na kulipa kodi. Kwa hiyo Mkatoliki anaweza kuwa na kadi. Kisichowezekana ni dhamiri yake kuwa na kadi.

Wakorintho walimkera Mtakatifu Paulo kwa jambo hili hili. Huyu anajiita wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa (1Kor 1:12). Paulo hakuwaambia wamchukie Apolo. Aliwauliza kama Kristo amegawanyika. Yaani, una kiongozi, sawa, lakini yupo aliye juu yake, na unaye kabla yake.

Mtazameni pia Mtakatifu Thomas More, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 2000 kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Hakuwa mpinzani wa mfalme. Alikuwa mtu wa mfalme, mkuu wa sheria wa Uingereza yote, na alimtumikia Henry VIII kwa moyo. Lakini mfalme alipotaka na dhamiri yake pia, alikataa, akakatwa kichwa mwaka 1535. Sisi hatutishwi kwa shoka. Sisi tunashindwa na elfu kumi, au na aibu ya kuonekana msaliti kwenye grupu la WhatsApp.

Najua kuna anayewaza, "Hayo maneno mazuri, lakini kura yangu itabadilisha nini?" Sitakudanganya. Mwaka 2019, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama vya upinzani vilijitoa vikilalamikia wagombea wao kuenguliwa, na sehemu nyingi wenyeviti walipita bila kupingwa. Unaweza kufika kituoni ukakuta huna cha kuchagua. Hilo linauma, na si haki tulifiche.

Ila ndiyo maana nasema uhuru wa mpiga kura hauanzii kituoni wala hauishii pale. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Mtaani nako kuna mkutano wa wakazi. Ni vijana wangapi tunahudhuria? Mwenyekiti wa kijiji au mtaa ndiye anayeshughulika na barua yako ya utambulisho, ugomvi wa mipaka ya shamba, michango ya shule. Tunamjua mchezaji aliyesajiliwa Simba au Yanga jana, ila mwenyekiti hatumjui. Mpiga kura huru ni yule anayekwenda kwenye mkutano siku ya kawaida, hakuna fulana wala pilau, akanyoosha mkono akauliza, "Ile hela ya choo cha shule iko wapi?" Na anauliza vile vile kama mwenyekiti ni wa chama chake.

Basi, kabla ya kupiga kura, tujiulize haya mbele ya Ekaristi Takatifu:

1. Jambo ninalolilaani kwa chama kile, je, ningelilaani likifanywa na chama ninachokipenda?
2. Nimepokea nini, na nilichopokea kimenizuia kuuliza nini?
3. Namfahamu mgombea, au nafahamu rangi tu?
4. Kura yangu itamsaidia nini mtu maskini kuliko wote mtaani kwetu?
5. Nani nimeacha kumsalimia kwa sababu ya siasa?

Hilo la tano tusilipite haraka. Baba mkubwa na binamu yangu walimaliza karibu miaka minne hawaongei. Machi 2019 mzee Lowassa alirudi zake CCM, akapokelewa kwa shangwe. Wao bado walikuwa hawasalimiani. Walipatanishwa msibani, kwenye mazishi ya bibi, kila mmoja akilia.

Zamu ya kujiandikisha ikifika, jiandikishe. Nenda. Kadi ya chama uwe nayo au usiwe nayo, hilo ni lako. Lakini uende umeuliza, umesikiliza na umesali.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, wewe uliyesimama mbele ya Pilato bila kumwogopa na bila kumchukia, utupe macho yasiyopofushwa na zawadi, na mdomo unaothubutu kuuliza hata walio wetu. Utulinde tusiuze kura, tusiuze ndugu. Amina.

Mtakatifu Thomas More, utuombee.