Kabla Hujashika Msumeno

Mwanangu, nasikia unataka kupunguza ule ua wa mbao nyuma ya nyumba yako ya Kileleshwa. Umefikiria vizuri. Najua pia kwamba una haraka, fundi umeshampigia simu na unataka kazi iishe Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Mpigie tena, mwambie asubiri kidogo. Kaa, chai bado ni moto.

Ua ule haukuzaliwa mrefu. Nyumba nyingi za zamani za Kileleshwa zilikuwa bangalo za wafanyakazi wa serikali, kila moja na bustani yake, na mpaka ulikuwa kayaba. Kayaba ina miiba ya kumkatisha mtu tamaa, lakini ikipunguzwa vizuri humfika mtu kifuani. Ulikuwa unamwagilia sukumawiki zako na kumsalimu jirani bila kunyanyua shingo. Halafu miaka ya tisini ujambazi ukazidi Nairobi. Watu wakang'oa kayaba, wakasimamisha mawe, mabati, mbao, na seng'enge juu yake. Kila mmoja alipandisha kidogo kumpita mwenzake. Mimi nami nilipandisha hadi futi saba, nikalala usingizi mzito.

Wakaniibia. Walikuja usiku, wakakaa nyuma ya mbao zangu mwenyewe, wakakata vyuma vya dirisha polepole, maana hakuna mpita njia wala askari wa jirani aliyeweza kuwaona. Mwanamke mmoja, Jane Jacobs, aliandika mwaka wa 1961 kuhusu miji ya Marekani kwamba mtaa hulindwa na macho ya watu wake. Somo hilo mimi nilifunzwa na mtu aliyeondoka na televisheni yangu. Mwaka wa 2013 serikali ilipotuhimiza tuwe na Nyumba Kumi, majirani wajuane na kulindana, mtindo ambao wenzetu wa Tanzania wanaujua tangu siku za TANU, nilienda mkutanoni nikaketi karibu na mama nisiyemfahamu. Tukaulizana makao. Kumbe ua wetu ni mmoja.

Na kama unaogopa kuchunguliwa, inua macho. Magorofa yamekuzunguka. Mtu wa gorofa ya tisa anajua rangi ya mashuka yako, hata ukiweka futi kumi.

Kwa hiyo punguza. Lakini anza na jirani.

Mimi sikuanza naye. Nilipoamua kuupunguza ua, nilimwita fundi siku ambayo yule mama alikuwa amesafiri. Upande wake kulikuwa na pasheni iliyopanda hadi juu ya mbao, imejaa matunda mabichi. Sikuiona, maana ua wenyewe ulinizuia kuona. Tuliikata pamoja na mbao. Aliporudi hakupiga kelele. Alikusanya yale matunda kwenye karai, akafunga mlango. Pasheni mpya huchukua karibu mwaka kuzaa, nami nikasubiri karibu muda huohuo kabla hajaniitikia salamu kwa moyo. Hodi moja tu ingetosha, mwanangu. Nenda jioni, mwonyeshe kwa mkono ua utafika wapi, muulize kama ana mbwa anayeruka. Kisha tafuteni bikoni za mpaka pamoja, maana huenda ua huo umesimama kwenye ardhi yake na wewe umekuwa ukiupaka rangi miaka yote.

Mkishakubaliana, usiangalie juu. Piga magoti uangalie chini.

Watu wengi hawafanyi hivyo. Wanataka ua uwe mfupi, kwa hiyo wanakata juu. Lakini mbao zetu nyingi ni saipresi, mti ulioletwa kutoka Meksiko, unaokua haraka na kuliwa haraka. Mchwa huanzia ardhini. Maji ya mvua hurukia chini. Chukua bisibisi, idunge mbao mahali inapokaribia udongo. Ikizama kama kwenye keki, hapo ndipo pa kukata. Mimi nilikata sehemu nzima ya juu, mbao kavu yenye afya, nikaacha uozo ukiwa umesimama. Baada ya masika mawili ua mfupi ukaanza kulala. Ningebandua mbao moja moja, nikakata kipande kilichooza, nikazishusha na kuzigongelea upya, ningekuwa na ua mfupi na mzima kwa msumeno uleule. Na usiziache ziguse udongo tena. Acha upenyo wa vidole vitatu.

Nguzo ni habari nyingine. Kama ni za mtarakwa, mshukuru aliyezisimamisha. Moyo wa mtarakwa mchwa hawautaki. Hizo zikate juu tu. Zikate kwa mshazari ili maji yateleze, kisha upake rangi pale ulipokata, siku hiyohiyo. Kichwa cha nguzo kilichokatwa tambarare hunywa mvua mpaka kipasuke.

Sasa kamba. Funga uzi wa fundi kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, uvute hadi ukaze, ndipo upige alama. Usipime kila mbao kutoka chini kwenda juu. Nilifanya hivyo kwa sababu sikuwa na uzi na duka lilikuwa mbali, nikajiambia ardhi ni ardhi. Ardhi ya Kileleshwa inateremka kuelekea mto Kirichwa, ina mizizi ya jakaranda na vichuguu vya fuko, nao ua wangu ukatoka ukipanda na kushuka bila sababu. Tena uamue mapema: ua utafuata mteremko, au utashuka kwa ngazi, kipande hadi kipande? Ukitumia pimamaji kwenye mteremko bila kuamua, upande wa juu utakufika magotini na wa chini utakupita kichwa.

Kuna jambo ambalo fundi mwenye haraka hulisahau. Ukiutazama ua kwa nyuma, utaona zile mbao za kulala, za tatu kwa mbili, zinazoshika mbao zilizosimama. Ya juu ikiwa iko juu ya mstari wako, ukikata utaiondoa nayo, na ua wote utaning'inia kwenye mbao moja ya chini. Ishushe kwanza. Igongelee mahali pake papya, inchi nne hivi chini ya alama, ndipo ukate. Na ung'oe misumari ya zamani kabla ya kupitisha msumeno. Msumari uliojificha ndani ya saipresi kuukuu huvunja meno ya msumeno, na ukiwa ni msumeno wa umeme, hurusha kipande usoni. Vaa miwani. Usicheke, vaa.

Fanya kazi hiyo Januari au Februari, jua likiwa kali na mbao kavu. Na ukishusha futi moja, acha. Kaa na ua huo mwezi mzima. Keti pale nje jioni, uone kama unamuona jirani na kama umechoka kumuona. Futi ya pili unaweza kuiondoa wakati wowote. Kuirudisha ni kununua mbao, na tangu serikali ilipozuia ukataji wa miti kwenye misitu ya umma mwaka wa 2018, bei ya mbao hapa mjini tumeijua kwa uchungu.

Vipande vitakavyobaki usivichome jikoni kama vilipakwa oili chafu ya gari. Moshi wake ni sumu. Vile visafi vinatosha kibanda cha kuku. Msumeno wangu uko stoo, nyuma ya baiskeli. Chukua, lakini urudishe ukiwa umeupaka mafuta, si kama ulivyonirudishia ile jeki.