Mgeni Aliyelipia Ugeni Wake: Siku za Kwanza Bangkok

Katika mila za watu wa Afrika Mashariki ugeni una mpaka wa muda, na methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, haikukusudiwa kumfukuza mtu, bali kumtoa katika hali ya kuhudumiwa na kumwingiza katika hali ya kuhesabiwa miongoni mwa wenye nyumba. Msafiri wa shanta, yaani mtu anayezunguka nchi za mbali kwa gharama ndogo huku vitu vyake vyote vya safari vikiwa ndani ya begi moja la mgongoni, hana mwenyeji wa kumkabidhi jembe hilo, kwa kuwa kitanda, chakula na hata tabasamu la mapokezi amevilipia. Linalostahili kuulizwa, basi, ni wajibu gani unaombakia mgeni wa namna hii, hasa yule aliyefika peke yake.

Bangkok unafaa kuchunguzwa katika jambo hili kuliko miji mingi ya Asia. Ni mji mkuu wa Thailand tangu mwaka 1782, Mfalme Rama wa Kwanza alipoweka makao yake katika ukingo wa mashariki wa mto Chao Phraya, na umewapokea wasafiri wa shanta kwa zaidi ya miaka 40. Baada ya mwaka 1979, mapinduzi ya Iran na vita vya Afghanistan vilipoifunga njia ya nchi kavu iliyowapeleka vijana wa Ulaya hadi India na Nepal, miji ya kusini mashariki mwa Asia ilizidi kuwavuta wasafiri hao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa barabara ya Khao San, iliyo katika mtaa wa Banglamphu na yenye urefu wa takriban mita 400 tu, walianza kugeuza nyumba zao kuwa gesti za bei nafuu. Barabara hiyo humfaa mgeni aliyechoka, lakini pia humdhuru bila yeye kujua, kwa sababu humpa chakula cha kwao, muziki wa kwao na watu wa umri wake wanaozungumza lugha anayoielewa, akaweza kulala Bangkok usiku kadhaa pasipo kufika Bangkok.

Kinachomtoa humo ni joto. Mwezi wa Aprili, ambao kwa kawaida ndio wa joto kali kuliko yote, kipimajoto huzidi nyuzi 35 mchana, na usiku hakishuki sana chini ya nyuzi 26. Mtu aliyelelewa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kudhani kwamba hali hiyo anaijua, lakini joto la mwambao wa Afrika Mashariki huja na upepo wa bahari, ilhali mji wa kale wa Bangkok uko mbali na pwani, juu ya uwanda wa mto ulioinuka mita chache tu kutoka usawa wa bahari, na saruji zake hutunza joto hadi usiku wa manane. Mgeni aliyepanga kuona mahekalu matatu kabla ya chakula cha mchana hujikuta hoi katika la kwanza, jasho likimtiririka na kichwa kikimwanga, na hapo ndipo anapoanza kuona kwamba wenyeji hawatembei saa ile. Alfajiri watawa wa Kibuddha hupita peku na mabakuli yao wakipokea chakula kutoka kwa waumini. Masoko huchangamka mapema. Adhuhuri watu hutafuta kivuli au kiyoyozi. Na jua likishatua mikokoteni ya vyakula hujaa kando ya njia, na watu wa kila kipato huketi bega kwa bega juu ya vigoda vya plastiki. Mgeni anayekubali kuifuata saa ya mji, badala ya kuishikilia ratiba aliyoiandika kwao, ameanza kutii mahali alipo, na utii huo ni heshima hata kama umelazimishwa na jua.

Upweke nao humfundisha jambo ambalo wasafiri wengi hawalitarajii. Kusafiri peke yake husifiwa kama uhuru wa kutomhitaji mtu, lakini ukweli ni kwamba anayesafiri na wenzake ndiye anayeweza kuwapita wenyeji bila kuwasemesha, wakati aliye peke yake hana wa kumuuliza ila wao. Hilo huonekana wazi katika mfereji wa Saen Saep, ambao ulianza kuchimbwa mwaka 1837 katika enzi ya Mfalme Rama wa Tatu na ambao leo hupitisha mashua za abiria waendao kazini. Mashua hizo husimama gatini kwa muda mfupi sana, makondakta wake hukusanya nauli wakitembea juu ya ukingo wa nje wa chombo, na maji machafu yanaporuka, abiria walioketi pembeni huvuta kamba ili turubai lipande na kuwakinga wote. Mgeni aliyeketi pembeni bila kuvuta kamba huwalowesha watu watano au sita. Jirani humwonyesha kwa kidole, naye huvuta, na pengine hiyo ndiyo kazi ya kwanza anayoifanya katika mji huo kwa faida ya watu asiowajua.

Ni kweli pia kwamba wapo wanaomvizia. Karibu na Kasri Kuu huweza kutokea mtu nadhifu akamwarifu mgeni kwamba kasri limefungwa siku hiyo, kisha akamwitia tuktuk, chombo cha magurudumu matatu ambacho Watanzania hukiita bajaji, kwa nauli ndogo isiyo ya kawaida. Safari hiyo huishia katika duka la vito. Bangkok ni kituo kikubwa cha biashara ya vito, vikiwemo vinavyotoka Tanzania, Kenya na Msumbiji, na hila hiyo hujificha chini ya sifa ya biashara halali. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kwenda mpaka mlangoni mwa kasri na kujionea. Hatari kubwa zaidi ni kwamba aliyedanganywa mara moja aweza kumfungia uso kila anayemsemesha, wakiwemo wale walioacha shughuli zao ili wamwelekeze kituo cha basi.

Jembe la mgeni aliyelipia ugeni, kwa hiyo, hana budi kulitafuta mwenyewe, na sehemu yake kubwa ni adabu. Wathai husalimiana kwa wai, yaani kuunganisha viganja mbele ya kifua au uso na kuinamisha kichwa, na mdogo ndiye anayetangulia, desturi ambayo aliyekuzwa kwa shikamoo hahitaji kufafanuliwa kwa kirefu. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia hekaluni na majumbani, mabega na magoti hufunikwa, nyayo hazielekezwi kwa sanamu ya Buddha wala kwa mtu, na kichwa cha mtu, hata cha mtoto, hakiguswi ovyo.

Sehemu nyingine ni bei, na hapa wasafiri wa shanta wanastahili kuambiwa ukweli. Miongoni mwao kutumia fedha kidogo kuliko wenzao kumekuwa jambo la kujivunia, kiasi kwamba mtu aliyenunua tiketi ya ndege ya kuvuka bara zima husimama juani akibishana na dereva juu ya baht kumi. Kupatana nauli kabla ya kupanda ni haki na ni desturi ya huko. Kumkamua mtu hadi tone la mwisho kwa sababu ya kujigamba jioni gestini si desturi ya mahali popote. Wengi wa madereva na wauza chakula hao wametoka Isan, eneo la wakulima lililo kaskazini mashariki mwa Thailand, na wamekuja kutafuta riziki ya kutuma nyumbani. Nao ni wageni wa Bangkok, wanaolala katika vyumba vya kupanga na kuvumilia joto lile lile, tofauti ikiwa kwamba wao walishika jembe siku ile ile waliyofika, na hakuna aliyewapa hata zile siku mbili za kupumzika ambazo msafiri huyu anazifurahia.