Uaminifu katika Kusoma Tarehe

Tarehe iliyoandikwa ni maneno. Wakati ni kitu kingine. Asomaye barua ya rafiki yake huielewa tarehe kwa sababu anamjua mwandishi, nchi yake na desturi zake. Kompyuta haina ujuzi huo. Kwake wakati ni hesabu tupu: katika mifumo mingi ni jumla ya sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa Greenwich ulioanza tarehe 1 Januari 1970, wakati Dar es Salaam ilikuwa saa tisa za usiku. Kila siku huongeza sekunde 86,400. Basi hapana budi programu iyageuze maneno ya binadamu kuwa hesabu. Kazi hii huonekana kuwa ya ukarani tu, walakini ndani yake mna swali la adili: msomaji ana haki gani ya kukisia lile ambalo mwandishi hakulisema?

Itazamwe tarehe 03/04/2021. Mwingereza huisoma kuwa siku ya tatu ya Aprili. Mmarekani huisoma kuwa siku ya nne ya Machi. Kila mmoja ni mkweli kwa desturi yake, na baina yao zipo siku 30. Programu ikichagua moja bila ya kuuliza, deni laweza kuhesabiwa kuwa limepitisha muda kabla ya siku yake, na mdaiwa akatozwa faini asiyostahili. Tarehe 25/04/2021 ingekataliwa na kanuni ya Kimarekani, maana hakuna mwezi wa 25. Lakini ile ya kwanza hupita kimya. Uongo unaofanana na kweli una hatari kuliko upuuzi ulio dhahiri.

Mwaka wa tarakimu mbili nao una mtihani wake. Kanuni moja itumikayo sana husoma 69 mpaka 99 kuwa miaka ya 1969 mpaka 1999, na 00 mpaka 68 kuwa ya 2000 mpaka 2068. Bibi aliyezaliwa mwaka 1950, ambao karani ameuandika 50, huambiwa kuwa hajazaliwa bado. Ziko pia programu ambazo hupokea tarehe 31 Februari na, pasipo neno, huigeuza kuwa 3 Machi, au 2 Machi ikiwa mwaka ni mrefu.

Waswahili wanalijua jambo hili kwa njia yao. Saa mbili za asubuhi ni saa mbili baada ya jua kuchomoza; mashine isiyoijua desturi hiyo huiweka baada ya usiku wa manane, ikakosea kwa saa sita. Na kwa wahesabuo siku tangu magharibi, usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa.

Yamkini mtu atasema kuwa bila ya kukisia kazi haiendi. Hoja hii ina uzito. Binadamu naye hukisia kila siku, na msomaji mwenye ukaidi humchosha mwandishi. Lakini iko tofauti baina ya kisio lenye dalili, lililotangazwa kuwa ni kisio, na kisio lililovishwa nguo ya yakini. La kwanza laweza kusahihishwa. La pili hurithiwa na kila hesabu inayofuata.

Kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2021-04-03. Imeponya ugonjwa wa mpango, lakini haiponyi ugonjwa wa kutojua. Mama akumbukaye mwaka tu aliozaliwa mwanawe hukuta fomu inadai siku na mwezi. Karani huandika 1 Januari. Miaka ikipita, hapana awezaye kutambua kama tarehe hiyo ni kumbukumbu ya mzazi au ni kiraka cha karani. Na juu yake huhesabiwa umri wa shule, wa kazi na wa kustaafu.

Programu njema, basi, ni ile iliyoachiwa nafasi ya kusema kuwa haijui. Kuuliza si ujinga. Na mashine haiwezi kuwa na unyenyekevu huo isipokuwa yule aliyeitunga amekuwa nao kwanza.