Ayubu Hakupewa Watoto Ishirini

Hebu fungua Ayubu sura ya 1, halafu ruka hadi sura ya 42, kalamu mkononi. Kondoo 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Ng'ombe na punda vivyo hivyo, kila kitu mara mbili. Lakini watoto? Alikuwa na wana saba na mabinti watatu. Akapewa wana saba na mabinti watatu. Mimi nilisomea biashara, na mhasibu yeyote angesema hesabu hii imepungua. Haijapungua. Wale kumi wa kwanza hawakufutwa kitabuni. Ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe. Mtoto halipwi kwa mtoto.

Sasa mfikirie mama aliyejifungua mapacha, mmoja akafa, mwingine yuko kwenye inkubeta. Tunaenda kumwona na maziwa na sukari, na maneno yetu ni yale yale: shukuru Mungu, amekuachia mmoja. Tunadhani tumefariji, kumbe tumemfanyia hesabu ya kutoa.

Je, huruma hufundishwa? Wengine watasema upendo ni tunda la Roho, haupatikani kwa semina. Mimi naona upendo hukuingiza wodini, lakini haukuambii useme nini ukifika. Mwaka 2016 kule Uingereza, mama mmoja alifiwa na pacha aliyeishi saa tatu hivi. Baadaye mzazi mwenzake pale wodini akamwambia ana bahati hakupata mapacha. Yule mzazi hakuwa mbaya, hakujua tu. Ndipo mama huyo akaanzisha utaratibu wa kubandika picha ya kipepeo wa zambarau kwenye kitanda cha mtoto aliyebaki, ili kila anayepita ajue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle nao waliwasikiliza wazazi wa namna hii, wakaandaa mafunzo kwa wahudumu. Na wanachotaka wazazi si kikubwa jameni: aliyekufa atajwe kwa jina, na aliyebaki aendelee kuitwa pacha.

Hata kwetu hili si geni. Kwa Wajaluo pacha wa kwanza ni Opiyo, wa pili Odongo. Opiyo akifa, Odongo habadilishwi jina. Kila akiitwa, ndugu yake yumo ndani ya mwito huo.

Najua mtu atauliza: hospitali inakosa glavu, sembuse semina? Ni swali la haki. Lakini Warumi 12:15 inadai kufurahi na kulia, na mama huyu anahitaji yote mawili ndani ya saa moja. Anamkamulia mmoja maziwa huku mumewe anatia sahihi mochari kwa ajili ya mwingine. Nesi wa zamu ya usiku, mwenye watoto wengi kuliko mikono yake, hawezi kubuni maneno saa hiyo. Lazima awe ameyapata kabla. Saa chache za mafunzo si ghali hivyo.

Wauguzi mlio kati yetu, tuonane baada ya ibada ya pili, tuone kanisa linaweza kusaidia wapi. Tena, kadi yetu ya kuweka watoto wakfu ina mstari mmoja wa jina. Nimeomba ofisi iongeze wa pili, kwa pacha aliyetangulia. Mama akitaka, majina yote mawili yatasomwa madhabahuni.